Bata mzinga alivyonitoa jasho Krismasi!

Leo sina habari ya mademu wala ya madansa. Leo nakuletea habari ya jikoni, na kama wewe ni mtoto wa kiume unayedhani jikoni ni kwa dada zako, kaa hapo hapo usome, maana mimi nilikuwa kama wewe.

Naanza na aibu yangu. Krismasi ya mwaka 2023 pale nyumbani Tabata tulichinja kuku sita. Kazi ya kukatakata niliibeba mimi, kwa mbwembwe zote, redio inalia na shati nimevua. Nilipomaliza kuku nikafuta ubao kwa kitambaa, nikavuta nyanya na vitunguu, nikakata kachumbari pale pale, kwa kisu kile kile. Kuku waliiva. Kachumbari haikwenda motoni.

Usiku ule choo chetu kilipata wateja. Alianza dada, akafuata shemeji, kisha watu wengine watano. Sisi wakubwa tulipona kwa maji ya chumvi na sukari, ila mpwa wangu, ambaye alikuwa na miaka mitatu tu, alilegea mpaka macho yakaingia ndani. Akalazwa siku mbili na dripu mkononi. Mkono wenyewe mdogo kama mche wa mwiko! Nesi aliuliza mtoto alikula nini. Dada akataja kuku, pilau, kachumbari. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaangalia viatu vyangu.

Hakuna aliyenisema. Ila tangu siku ile mama hakunipa tena kisu. Nikijisogeza jikoni ananiambia, "Baba, nenda kapumzike." Kama umelelewa na mama wa Kiswahili unajua upole wa namna hiyo unavyochoma.

Basi bwana, ikaja Desemba ya 2024. Mjomba wangu wa Morogoro, ambaye anafuga, akatutumia zawadi kwa basi: bata mzinga dume, mzima, kwenye tenga, kilo tisa. Mtaa mzima ulikuja kumwona. Akikasirika anatanua mkia, shingo inakuwa nyekundu kisha buluu, anapiga kelele utadhani ana ugomvi wa kiwanja. Tunamwita bata lakini ubata wake uko kwenye jina tu, huyu ukoo wake uko karibu zaidi na kuku. Kwao ni Amerika, na wenyeji wa Meksiko ndio waliomfuga kwanza. Mjomba alinionya kwa simu nisimchanganye na kuku wa jirani, maana kuku hubeba ugonjwa ambao wao wenyewe hauwasumbui sana, ila bata mzinga unamla ini. Nikamfunga peke yake nyuma ya banda la kuni.

Jioni mama akauliza nani atampika mnyama huyu. Kimya. Nikasema, "Mimi." Dada akacheka, kisha akaacha kucheka. Mama hakujibu kitu.

Usiku huo huo nikaenda kwa jirani yetu mmoja ambaye ni mpishi kwenye hoteli mjini, mtaani tunamwita Shefu. Nikamwambia ukweli wote, mpaka ule wa ubao. Hakunicheka. Aliniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia darasani, ingawa nilimaliza kidato cha nne na baiolojia nilifaulu: kwamba kuku na bata mzinga mzima kabisa, mwenye afya, anaweza kuwa na bakteria tumboni wa aina ya salmonela na kampilobakta. Yeye hawamsumbui. Wewe wakikuingia, unalo! Huwaoni, huwanusi, nyama haibadiliki rangi. Wanachokiogopa ni moto tu, nyuzi 74 za Selsiasi, na moto huo ufike ndani kabisa, siyo juu juu.

"Na limao je?" nikauliza, maana bibi alitufundisha kuosha kuku kwa limao. "Limao tia kwa ajili ya utamu," akanijibu. Akanipa kipimajoto chake cha jikoni, kile chenye sindano ndefu, akaniambia nikikipoteza nihame mtaa.

Jumatatu tarehe 23 jioni tukamwita mzee wa kona, Mwislamu, atuchinjie, ili majirani wote wale bila wasiwasi. Ndiyo desturi yetu pale. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu, mshike mabawa vizuri, huyu ana nguvu." Kweli alikuwa na nguvu, alama ninayo mpaka leo.

Kunyonyoa nako kuna elimu yake. Maji yakichemka ngozi inaiva na kuchanika, kwa hiyo yanatakiwa ya moto ambayo mkono hauvumilii lakini hayatokoti. Kazi yote hiyo, na ya kutoa utumbo, tuliifanyia uani kwenye beseni, mbali na sinki. Shefu alinikataza kabisa kuosha ndege mbichi chini ya bomba jikoni, kwa sababu maji yanaruka na kutua kwenye vikombe, kwenye sahani, kwenye nyanya zako. Kwenye utumbo nilikwenda taratibu kama fundi saa, maana ukipasuka, yaliyomo yote yanasambaa kwenye nyama. Halafu sabuni. Mikono, kisu, beseni, sakafu. Nilitumia sabuni ya wiki nzima, mama akanitazama, kimya.

Hapo ndipo kasheshe la kwanza likazuka. Dada alitaka bata mzinga awekwe mezani mzima, miguu juu, kama kwenye sinema, apige picha. Shemeji akamuunga mkono. Lakini friji yetu ni ya mlango mmoja, na ndege alibaki na kilo kama saba. Ukimwingiza mzima, vitu vyote vinatoka na baridi haimfiki ndani. Na jiko letu ni la mkaa, oveni tunaiona dukani. Mzima mwenye ukubwa ule, kifua kinaiva na kukauka wakati kiungo cha paja hakijapata habari. Nikaamua kukata vipande. Dada alininunia mpaka kesho yake mchana. Samahani dada, najua unasoma.

Tulivipoza vipande kwenye maji ya barafu, nikavikausha, nikavipaka tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na hilo limao la utamu, nikavifunika kwenye beseni na kuviweka chini kabisa ya friji, ili majimaji yasidondokee kitu kingine. Nikajiona mtaalamu.

Tarehe 24, saa mbili usiku, umeme ukakatika.

Mpenzi msomaji, nyumbani wote walikuwa wamekwenda mkesha kanisani. Niko peke yangu gizani na kilo saba za nyama, na picha ya mkono wa yule mtoto na dripu haiondoki machoni. Nikampigia Shefu. Akasema usifungue mlango wa friji hata kwa kuchungulia, ikikaa imefungwa baridi inashikilia kama saa nne. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya friji kama mlinzi wa benki. Saa tatu. Saa nne. Kwa mbali nasikia nyimbo za Krismasi, mbu wananimaliza. Saa tano umeme bado, nikaona kungoja mpaka saa zote nne zimalizike ni kucheza kamari.

Kuna mama mmoja nyuma yetu anauza juisi na barafu. Nikamgongea, "Hodi mama, samahani kwa usiku." Alitoka na khanga na tochi, akadhani kuna msiba. Nilipomweleza kwamba ni bata mzinga alinitazama kwa muda mrefu. Lakini Mungu ambariki, alinipa deli lake na pakiti zote za barafu zilizobaki, akakataa hela. "Utaniletea paja," akasema. Nikarudi mbio, nikafungua friji, nikachomeka sindano kwenye nyama: nyuzi 4. Nikaikosha sindano kwa sabuni, nikapanga nyama ndani ya mifuko, barafu chini, barafu juu, kifuniko nikakifunga kwa kamba. Umeme ulirudi saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimelala pale pale sakafuni, kichwa kwenye deli.

Siku yenyewe sasa. Wageni 13, chakula saa saba mchana. Nilitumia sufuria mbili kubwa na mkaa juu na chini, kama wanavyooka keki za mtaani. Kachumbari alikata mama, kwa ubao wake, kwenye meza yake, upande wake. Nilijisogeza nikasema nisaidie? "Pumzika, baba."

Saa saba kasoro dakika kumi nikafunua. Ebwana wee! Rangi ya dhahabu, harufu mpaka barabarani. Mjomba, ambaye alikuja toka Morogoro kwa ajili ya ndege wake, akasimama na kusema, "Hii imeiva, mwanangu. Kata tule." Nikachomeka kipimo kwenye kifua: 76. Safi. Nikachomeka kwenye paja, pale penye nyama nene, bila kugusa mfupa kwa sababu mfupa unadanganya: 61.

Nikakosha sindano, nikarudia kwenye paja la pili. 61.

"Mjomba, samahani sana. Bado."

"Bado nini? Mimi nimefuga bata mzinga kabla hujazaliwa. Naona kwa macho."

"Ni kweli mjomba. Naomba dakika arobaini."

Unajua ugumu wa kumwambia mjomba hapana mbele za watu, tena mjomba aliyeleta nyama yenyewe? Shemeji alikwishashika sahani. Watoto wanalia njaa. Mtu mmoja, simtaji, akasema siku hizi vijana wanapika kwa rula. Jasho lilinitoka, na halikuwa la moto. Pale mlangoni alikuwa amesimama mpwa wangu, sasa ana miaka minne, kavaa suti yake ya Krismasi, ananitazama na kuniuliza, "Anko, tayari?"

Nikamjibu bado, nikarudisha mapaja sufurianí, nikaongeza mkaa mpya juu. Mjomba akapumua kwa nguvu. Hapo mama, akiwa bado anakata vitunguu wala hakuinua kichwa, akasema neno moja tu: "Mwacheni."

Zilipita dakika 45. Paja likasoma 79. Mjomba alikuwa ameshika brashi anataka kulipaka ule mchuzi wa viungo uliobaki kwenye beseni, ule uliolala na nyama mbichi. Nikamwahi. Huo nikauchemsha kwanza ukatokota kweli kweli, ndipo akapaka, akaridhika. Tukala saa nane na robo. Sijisifu, lakini dada alinyamaza alipokula, na dada hanyamazi. Paja la mama wa barafu nikalipeleka mwenyewe.

Kilichobaki nilitaka kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Mjomba alishazoea kiporo kilale jikoni ndani ya sufuria, asubuhi kipashwe. Safari hii sikubishana naye, nilingoja alale usingizi wa mchana, nikakigawa kwenye vibakuli vidogo, maana kwenye chombo kikubwa katikati panachelewa kupoa, nikaingiza friji. Hata pilau. Watu wanaogopa nyama tu, kumbe kwenye wali kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kupikwa, ukiuacha nje usiku anaamka.

Usiku sikulala. Nyumba yetu mlango wa choo unalia bawaba, kwa hiyo nilikuwa nahesabu. Mara ya kwanza alikuwa shemeji, bia. Mara ya pili mjomba, uzee. Kila bawaba ikilia roho inaruka. Asubuhi mpwa wangu akaamka na kudai nyama. Nikampashia mpaka ikatoa moshi, ikapoa, akala, akaenda kucheza mpira.

Lakini Shefu alikuwa ameniambia salmonela anaweza kuchukua saa sita, anaweza kuchukua siku sita. Kwa hiyo niliendelea kuhesabu. Tarehe 26, 27, 28. Kila asubuhi naangalia macho ya yule mtoto kama daktari wa mifugo. Nyama iliyobaki tuliimaliza siku ya tatu. Mjomba aliondoka tarehe 29, akanishika bega kituo cha basi na kuniuliza kile kipimo kinauzwa wapi.

Tarehe 31 jioni mama alikuwa anapika mkesha wa mwaka mpya, na mimi nimekaa uani nachezea simu. Akaniita. Mezani kulikuwa na nyanya, vitunguu, pilipili na matango, na ubao mpya ambao sikuwahi kuuona, bado una karatasi ya bei.

"Kata kachumbari," akasema, akanigeuzia kisu upande wa mpini.

Nikaenda kunawa mikono kwanza.