Nyasi za Chumvi

Kwetu Dongobesh, wilaya ya Mbulu, nyasi zilipimwa kwa tumbo la ng'ombe. Mtoto aliyerudisha kundi jioni likiwa na ubavu uliobonyea aliulizwa siku nzima alikuwa wapi, na hakuweza kudanganya, kwa sababu wazee walijua kila bonde lina nyasi gani na mvua ilinyesha wapi mara ya mwisho. Wachungaji tulikuwa na mchezo wetu. Unachuma ndulele, unaiweka juu ya kichuguu, unaipiga kwa fimbo ya kuchungia ipite katikati ya mawe mawili. Changa, ya kijani, huruka mbali na kulia hewani. Iliyoiva, ya manjano, hupasuka palepale na kukurushia mbegu usoni.

Shuleni michezo ilikuwa riadha. Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji, uwanja umeshaanza kuwa mtupu. Walimu walitutajia jina lake kila tulipolegea. Mchezo wa kupiga kitu kwa fimbo ulikuwa wa porini tu, na uliishia huko.

Likizo nilipelekwa Basotu, upande wa Hanang, kwa baba yangu mdogo aliyeoa kwa Wabarabaig. Siku hizo wilaya zote mbili zilikuwa mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara, zilimo sasa, uliundwa mwaka 2002. Kutoka nyumbani kwake uliuona mlima Hanang ukiwa peke yake, zaidi ya mita 3,400, na chini yake tambarare ya ngano isiyoisha. Ilikuwa ngano ya NAFCO, shirika la serikali, kwa msaada wa Kanada: mashamba saba, karibu ekari laki moja. Mashine zilikuwa kubwa kuliko nyumba zetu. Mimi nilizitamani. Baba mdogo hakuzitazama kabisa. Kwake pale palikuwa malisho, na si malisho ya ovyo, ila yale bora, yaliyotunzwa kwa zamu: ng'ombe wakila upande huu, ule mwingine unapumzishwa uote. Waliopanga mradi walitazama nyasi zisizo na mtu juu yake wakaona ardhi ya bure. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ikaupindua ushindi ule. Habari hiyo niliisikia ikisimuliwa jioni, maziwa yakizunguka, kama watu wanavyosimulia msiba.

Kwa hiyo nilipofika Arusha kutafuta kazi, na rafiki akanipeleka kwenye klabu moja ya gofu kuwa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo za mchezaji, mguu wangu ulisita getini. Nyasi nzuri kiasi kile, kijani mwezi wa Septemba, na hakuna hata ndama. Nilijua wazi baba mdogo angesema nini. Lakini njaa haina mjadala, na kazi ile ilinishika. Kedi mzuri husoma ardhi. Anajua mteremko unaofichwa na kivuli, anajua upande ambao nyasi zimelala, anamwambia mchezaji apige kushoto kidogo ya shimo naye asijue kwa nini mpaka mpira ugeuke. Kwangu hilo halikuwa somo jipya. Jumatatu uwanja ulipokuwa mtupu tuliruhusiwa kucheza, na fimbo namba saba ya kuazima ikawa ndulele yangu ya ukubwani. Baadaye nilipata kazi nyingine, nikapata hendikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, nikawa mwanachama mahali ambapo zamani nilisubiri kivulini niitwe. Makedi wengi wa Tanzania wamepanda njia hiyo, na baadhi wamefika kuwa wachezaji wa kulipwa. Klabu zinazowafungulia makedi uwanja zinafanya jambo kubwa kuliko zinavyodhani.

Vipingo, pwani ya Kenya, nilikwenda kwa sababu ya mchoraji wa uwanja. Uwanja wa Kili Golf karibu na Usa River, ambao nilikuwa nimeuzoea, ulichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, na ndiye aliyechora Baobab, uwanja wa mashimo 18 pale Vipingo Ridge, kaunti ya Kilifi. Nilitaka kuona mkono uleule ukifanya kazi kwenye udongo mwingine. Tulipita Holili na Taveta, tukashuka Voi, tukalala Mombasa, asubuhi tukaelekea kaskazini kupita Mtwapa na Kikambala. Barabarani bado unaona mkonge umepangwa mistari, maana ndio uliotawala huko, na kilima chenyewe cha gofu kilikuwa sehemu ya shamba la mkonge. Kwetu Mbulu mkonge ni ua, unapandwa mpakani ng'ombe wasiingie kwenye mahindi. Huku ulikuwa ndio shamba lenyewe.

Ukifika juu unaelewa kwa nini watu husafiri mbali kuja kucheza pale. Bahari ya Hindi imelala upande mmoja yote, rangi mbili, maji meupe-kijani ndani ya miamba na bluu nzito nje yake. Mibuyu imeachwa ilipokuwa. Njia za mchezo zimepindishwa kuipisha. Ilikuwa Agosti, kusi inavuma, na kusi hapo haipumziki. Shimo lile lile ambalo asubuhi na mapema ungelifikia kwa fimbo fupi, saa nne linadai fimbo mbili zaidi. Halafu kuna hewa yenyewe. Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari na mpira hukata hewa nyepesi. Namba saba hunifikisha kama mita 140. Pwani hewa ni nzito, mpira uleule ukaishia 130, na nikalazimika kuhesabu upya kila pigo. Nilifurahi kwa namna ambayo sijawahi kufurahi uwanjani. Nilipiga mpira mmoja ukaenda juu ya bahari kwa macho, upepo ukaurudisha, ukatua kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, kama alivyotaka mchoraji.

Desemba 2019 wanawake wa ligi ya Ulaya walichezea hapo mashindano yao ya kwanza nchini Kenya. Esther Henseleit, Mjerumani wa miaka 20, alianza siku ya mwisho akiwa nyuma sana, akapiga mikwaju 64 na kushinda kwa mkwaju mmoja. Mwaka 2024 alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris. Nilisimama kwenye grini ya mwisho nikijaribu kukadiria 64 kwenye upepo ule, na heshima yangu kwake ikapanda.

Lakini kilichonibadilisha nilikiona siku ya pili, alfajiri, kabla ya mchezaji yeyote. Mzee mmoja Mgiriama, mtunza grini, alikuwa amepiga magoti na chuma cha duara chenye mpini. Alikizungusha kikashuka ardhini, akatoa kipande cha udongo na nyasi zake, shimo jipya likabaki, upana wa milimita 108 kama ilivyo duniani kote. Kile kipande akaenda kukizibia shimo la jana. Akakikanyaga polepole kwa kisigino, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu kuhakikisha hakuna kingo.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia. "Mbona mnahamisha?"

"Marahaba, mwanangu. Watu wote huja kusimama hapa pamoja. Wakikanyaga siku tatu pamoja, nyasi hufa. Basi twahamisha, pale papumue."

Akanionyesha mengine. Nyasi za grini hukatwa zibaki milimita tatu au nne, na ukikata mno siku ya jua kali umeziua. Mchanga hunyunyizwa juu kusawazisha uso. Magugu mengine hung'olewa kwa kisu, moja moja. Tukaongea juu ya chumvi. Viwanja vingi vya pwani duniani leo hupanda paspalamu, nyasi inayovumilia maji ya chumvi ambayo yangeziunguza nyasi nyingine. Nikamweleza habari za Balangida, ziwa letu la magadi chini ya Hanang, ambako ng'ombe hupelekwa kulamba chumvi na ambako huota nyasi fupi ngumu zisizojali chumvi. Akaniuliza zina rangi gani, zinatambaa au zinasimama wima, mizizi yake ikoje. Alikuwa ananihoji kama wazee wa Dongobesh.

Kuhamisha shimo ni zamu ileile ya malisho, sehemu ikipumzishwa huku nyingine ikitumika. Nilikuwa nimeingia viwanja vya gofu miaka mingi nikidhani nyasi zile ni za starehe na zetu ni za riziki, hazina uhusiano. Sasa ninaona mikono ileile. Mgeni anayesimama pale juu huona bahari na kijani, hamwoni aliyepiga magoti alfajiri. Waliotazama tambarare ya Basotu nao hawakuwaona waliokuwa wakiitunza, na kwa kutowaona wakawaondoa.

Niliporudi nilipanda hadi Basotu kumsimulia baba mdogo. Habari za bahari alizipokea kwa adabu. Nilipofika kwenye shimo linalohamishwa aliinua kichwa.

"Nani huamua lihamie wapi?"

"Huyo mzee."

"Na anajuaje pale pa zamani pamepona?"

"Anapapasa kwa kiganja, baba."

Akanitaka nirudie jinsi alivyopapasa. Tulizungumza mpaka usiku juu ya paspalamu, juu ya maji yanayohitajika, juu ya nani analipwa kiasi gani. Kitindamimba wake amemaliza kidato cha nne na anaomba nafasi ya kusomea mifugo na malisho Tengeru. Tumekubaliana kwamba akipata, wikiendi atakuwa anakuja kwangu, nami nimpeleke kwa watunza uwanja wa Arusha, alfajiri, wakati wa kukata mashimo.