Pwani ya Mitsamiouli na sauti ya mhudumu wa ndege

Kaskazini mwa Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Komoro, mawe meusi ya volkano hukutana na mchanga mweupe, na mbele yake bahari ya Hindi. Hapo ndipo ulipo mji wa Mitsamiouli. Kwa watu wa Unguja na Mombasa, Ngazija si ugenini. Lugha yake ni ndugu wa Kiswahili, na Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alizaliwa Itsandra katika kisiwa hicho hicho. Lakini pwani ya Mitsamiouli ina kumbukumbu nyingine, na kila familia inayosafiri kwa ndege yapaswa kuifahamu.

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia aina ya Boeing 767 iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ikiwa na watu 175. Watu watatu waliiteka nyara na kuamuru ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kuwa mafuta hayatoshi kwa safari hiyo, nao hawakumsadiki. Akasogea kusini akifuata pwani ya Afrika, kisha akaelekea Komoro. Karibu na Ngazija injini moja ilizimika kwa kukosa mafuta, na ya pili ikafuata.

Ndege kubwa ya abiria yaweza kuendelea kuruka kwa injini moja. Hata zote mbili zikizimika haianguki kama jiwe, bali huteleza hewani huku ikipoteza kimo. Muda huo mfupi ndio mtaji wa wahudumu. Katika dharura ya namna hii, rubani akipata nafasi, humweleza mkuu wa wahudumu mambo manne: dharura ni ipi, nini kitafanyika, muda uliobaki ni kiasi gani, na kama kuna maelekezo maalumu. Kisha wahudumu hufunga vyombo vya jikoni, huwafundisha abiria kuinama na kukinga vichwa, huwaonyesha milango, na mwisho hukaa vitini mwao wakipitia kimoyomoyo yale watakayoyafanya mara ndege itakapotua.

Juu ya Ngazija utaratibu huo ulipaswa kufuatwa huku watekaji wakipigana na rubani. Hakuweza kuufikia uwanja wa ndege, hivyo akaishusha ndege baharini, kiasi cha mita 500 kutoka ufukweni. Bawa la kushoto liligusa maji kwanza, na ndege ikakatika vipande. Wenyeji na watalii waliokuwa ufukweni, wakiwamo madaktari waliokuwa likizoni, walikimbilia kuokoa. Watu 50 walisalimika. 125 walifariki, wakiwamo watekaji wenyewe.

Katika waliofariki walikuwamo abiria ambao pigo la kwanza halikuwaua. Walikuwa wamejaza hewa majaketi yao ya kuokolea maisha wakiwa bado ndani ya ndege, ijapokuwa rubani alikwisha kuonya wasifanye hivyo. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini, wakashindwa kuzama kidogo ili kuupata mlango. Wengine hawakulisikia onyo, na wengine hawakulielewa. Kifaa kilichotengenezwa kuwaokoa kiliwafungia ndani.

Linganisha na tukio la New York, tarehe 15 Januari 2009. Ndege ya US Airways iligonga kundi la mabata bukini muda mfupi baada ya kuruka, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani Chesley Sullenberger aliishusha juu ya mto Hudson. Ilipokuwa ikishuka, wahudumu walirudia kwa sauti moja amri ya kuinama na kubaki wameinama. Maji yalipoingia kwa nyuma, mhudumu wa huko, ingawa alikuwa amejeruhiwa, aliwahimiza abiria waelekee mbele. Watu wote 155 waliokoka. Ni kweli kwamba mto ulikuwa shwari, ndege haikukatika, wala hapakuwa na mtekaji. Hata hivyo, amri zilikuwa fupi, zilisikika, na zilifuatwa.

Ndugu msomaji, wazee wetu wengi hupanda ndege kwa mara ya kwanza wanapokwenda Hija au Umra. Maelezo ya mhudumu hutolewa kwa Kiingereza au Kiarabu, mzee akaitikia kwa kichwa bila kufahamu. Basi kazi hiyo ianzie sebuleni, siku chache kabla ya safari. Mwelezeni kwa Kiswahili kwamba jaketi huvaliwa ndani na hujazwa hewa nje, akiwa mlangoni. Kwamba barakoa ya hewa huvaliwa kwanza na mzazi, ndipo amvishe mtoto. Kwamba mizigo huachwa. Na kwamba ahesabu viti hadi mlango ulio karibu naye, wa mbele na wa nyuma, kwani katika moshi atautafuta kwa mkono.

Dua ya safari tumezoea kuisoma kabla ndege haijaondoka, na ni jambo jema. Lakini tawakali haimwondolei mja wajibu wa kuchukua tahadhari. Mhudumu anaposimama na kunyanyua lile jaketi la njano, tufunge simu, tumsikilize, na tumfasirie aliye kando yetu asiyeijua lugha.