Rika la Waandishi wa Mapatano

Sisi Wakipsigis wa Sotik huhesabu watu kwa marika. Maina waliwatangulia Chumo, Chumo wakawatangulia Sawe, na jina likishazunguka hurudi baada ya miaka mia moja na ushei. Kila rika huulizwa lilifanya nini. Babu zetu walikabili bunduki za Waingereza zilizoletwa hapa mwaka 1905. Sisi tulipanda chai katika vishamba vyetu baada ya KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, kuundwa mwaka 1964, tukasomesha watoto kwa bonasi. Vijana wa leo nao wanaulizwa swali hilohilo, na wazee wenzangu hukimbilia kuwajibia: ati kazi yao ni kubofya simu. Hilo silikubali. Wapo miongoni mwao wanaofanya kazi ambayo rika langu liliiacha bila kuifanya, na sisi ndio tuliopata hasara.

Kazi yenyewe ni hii: programu mbili zikitaka kuzungumza, ya kituo cha kununua majani ya chai na ya benki, tuseme, ni lazima ziwe na mapatano. Kitaulizwa nini, kwa jina gani, jibu litakuja kwa umbo gani, na kosa likitokea litatangazwa vipi. Lango la mazungumzo hayo vijana huliita API. Zamani mapatano ya namna hiyo yalikaa kichwani mwa fundi mmoja, naye akihama kazi, yalihama naye. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Tony Tam wa kampuni ya Wordnik huko Marekani alianzisha Swagger, utaratibu wa kuyaandika mapatano katika faili ambalo mtu analisoma na mashine pia inalisoma. Mwaka 2015 utaratibu huo ulikabidhiwa Linux Foundation, ukaja kuitwa OpenAPI, na toleo la 3.0 likatoka mwaka 2017. Mwaka huohuo Safaricom ilifungua Daraja, lango ambalo kijana wa Sotik mwenye laptopu anaweza kulipitia akaunganisha programu yake na M-Pesa.

Lakini faili la mapatano peke yake halilindi mtu. Linahitaji wa kulikagua, na hapo ndipo zinapoingia maktaba za programu, yaani msimbo ulioandikwa mara moja ili wengi wautumie. Ipo moja iitwayo kin-openapi, iliyoandikwa kwa lugha ya Go na kuachwa wazi kwa yeyote. Hulichambua faili, ikafuata kila rejeo hadi linakoelekeza, ikahakiki kama kilichoahidiwa juu kimeelezwa chini, na ikitakiwa hugeuza waraka wa toleo la zamani uwe wa toleo jipya.

Nichukue jambo moja dogo, namba ya simu. Mama wa Ndanai, hapa Sotik, huandika namba yake ikianza na 07, kama sisi sote. Daraja linataka tarakimu kumi na mbili zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Sasa fundi aandike katika mapatano yake kwamba simu ni nambari kamili, kama kilo za majani. Mashine itaichukua 0712 ya mwanzo na kuiona kuwa 712, kwa sababu katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Yule mama atangoja malipo yake mpaka achoke. Fundi makini huandika kwamba simu ni mfuatano wa herufi, na hutaja umbo lake wazi: 254, kisha tarakimu tisa. Ombi lisilolingana na umbo hilo hukataliwa palepale mlangoni, kabla shilingi haijaondoka popote. Mstari mmoja wa maandishi ndio unaomfikishia mama haki yake. Kijana aliyeuandika hatajulikana na mama huyo maisha yake yote, nami namheshimu kwa hilo.

Kazi ya kugeuza matoleo ndiyo inayonigusa zaidi. Katika toleo la 2.0, anwani ya seva ilikatwa vipande vitatu: jina la mashine, njia ya kuanzia na itifaki. Toleo la 3.0 likaviunganisha mahali pamoja. Toleo la 3.1, la mwaka 2021, likabadilisha hata namna ya kusema kwamba thamani fulani inaweza kuwa tupu. Ingekuwa rahisi kuwaambia wa zamani waanze upya. Badala yake, watu waliketi wakaandika msimbo wa kuvusha waraka wa jana hadi leo, ili aliyetangulia asiachwe nyuma.

Sisi hatukufanya hivyo. Chama kimoja cha ushirika nilichokipelekea maziwa kilibadilisha mfumo wake, na kumbukumbu za miaka yangu ya nyuma zikabaki katika mashine ya zamani isiyoweza kusomwa na yeyote. Nilipotaka mkopo, niliambiwa nithibitishe mapato. Lita zangu zote nilikuwa nimezipeleka mwenyewe alfajiri kwa alfajiri, na sikuwa na ushahidi hata wa mkebe mmoja.

Kwa hiyo nina neno na wanaowaajiri vijana hawa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 38, inampa Mkenya haki ya kupewa data zake katika mpangilio unaosomeka kwa mashine, na kuzipeleka kwingine akitaka. Hiyo ni haki ya mchumaji chai na mfugaji kama ilivyo ya mwenye akaunti benki. Viwanda na vyama vyetu viandike mapatano ya kutoa data hizo kwa OpenAPI, viyaweke wazi, viyahakiki kwa maktaba hizi ambazo ni za bure: tarehe, kituo, kilo au lita, bei, makato. Toleo likibadilika, kumbukumbu zigeuzwe, zisitupwe. Mjukuu wangu ameanza rasimu ya upande wa maziwa. Nitaipeleka katika mkutano mkuu wa wanachama na kuomba ipigiwe kura, nami nitataka jibu la wakurugenzi liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.