Tundu la Kuingizia

Ufundi wangu ulianza kwa kuifungia hewa. Nilisoma majokofu na viyoyozi VETA Chang'ombe, kisha nikapokelewa na fundi mzee wa Kariakoo aliyekuwa na kazi nyingi za vyumba vya baridi vya samaki. Kwake yeye, ufa mwembamba pembeni ya mlango ulikuwa fedheha. Tulipaka silikoni, tukabadilisha raba za milango, tukapitisha viganja gizani kutafuta baridi inayovuja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma hewa kwa ngozi, ingawa kazi iliyokuja kunilisha na kusomesha wanangu ni kinyume cha ile: kuitoa hewa katika vyumba ambavyo watu wa mjini wanaoteshea uyoga.

Aliyeniingiza huko ni mwalimu mstaafu wa Tabata. Alikuwa amegeuza chumba cha uani kuwa shamba. Mifuko ya nailoni iliyojazwa mabua ya mpunga na makapi ya pamba ilining'inia kwa kamba, safu kwa safu, hata mtu apite ubavu ubavu. Aliniita nimfungie kiyoyozi. Baada ya shikamoo na marahaba alinionyesha uyoga wenyewe: shina refu jembamba, na juu yake kofia ndogo kama kifungo cha shati. "Joto linanimaliza, mwanangu," aliniambia. Kulikuwa na joto, ni kweli, lakini kilichonigusa mimi kilikuwa uzito wa hewa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa turubai ili unyevu usitoke, na chini ya mlango kulikuwa na gunia.

Sikumfungia kiyoyozi. Nilimwomba siku chache, nikaenda kuuliza kwa bibi shamba mmoja aliyekuwa akiwafundisha kina mama kilimo hicho, na aliyonieleza yakanikaa kichwani mpaka leo. Uyoga si mmea wa majani. Hautengenezi chakula kwa jua. Unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa usiku na mchana, vilevile kama sisi. Hewa ya nje ina hewa ukaa kiasi cha sehemu 420 hivi katika kila milioni. Ule uyoga wa mamama, ambao ndio wengi wanaufuga majumbani, unataka chumba kisizidi sana sehemu 1,000 wakati wa kuchanua. Ikizidi, unarefusha shina kutafuta hewa safi na kudumaza kofia. Kiyoyozi cha ukutani kingezungusha hewa ileile iliyochoka, tena kingeukausha, na mamama hautaki unyevu ushuke chini ya asilimia 80.

Basi tukapima chumba. Mita 3 kwa 4, kimo mita 2 na nusu: mita za ujazo 30. Kubadilisha hewa yote mara 6 kwa saa kunahitaji feni ya kutoa mita za ujazo 180 kwa saa. Hesabu ni hiyo tu, na mtoto wa shule anaiweza. Ugumu uko kwingine. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni ni ya feni isiyobeba kitu mbele wala nyuma. Ukiiunganisha na bomba, ukaweka kona mbili, ukafunika mdomo kwa wavu, inayobaki inaweza kuwa nusu. Feni zile za panga bapa, za bei nafuu, ndizo zinazochoka upesi zikikutana na kizuizi; ya mzunguko, inayovuta katikati na kutema pembeni, inahimili zaidi. Bomba nalo si jambo la kubana pesa. La inchi 6 lina nafasi ya hewa zaidi ya mara mbili ya lile la inchi 4, na kelele zake ni ndogo, jambo ambalo familia inayolala ukuta wa pili italishukuru.

Hata hivyo, katika maisha yangu ya kazi nimeona pesa nyingi zaidi zikipotelea kwenye feni kubwa kuliko kwenye feni ndogo. Mtu anafunga feni ya nguvu, anafunga mlango, halafu anashangaa uyoga bado una mashina marefu. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Tundu la kuingizia ndilo roho ya kazi nzima, na ndilo linalosahaulika, kwa kuwa halina waya wala halina mlio. Nalitoboa chini, ukuta ulio mkabala na feni, na feni naiweka juu karibu na dari ambako joto la bati hujikusanya, ili hewa ivuke chumba kizima kabla ya kutoka.

Tundu hilo lazima lifunikwe, maana vijinzi vinavyotaga mayai kwenye mifuko hupenya chandarua cha mbu bila taabu. Kitambaa cha kuvizuia kina macho madogo mno, nacho kinaikaba hewa. Dawa yake ni ukubwa. Kwa bomba la inchi 6 natengeneza fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60, nakaza kitambaa juu yake, na hewa inapita taratibu bila kupiga mifuko iliyo karibu. Nikimaliza nawasha feni na kushika kijiti cha udi mbele ya fremu. Moshi ukiingia ndani kwa utulivu, sawa. Kisha napeleka kijiti kwenye pembe za chumba, kwa maana pembe ndizo zinazobaki na hewa iliyolala. Na mlango ukiwa mzito kufunguka feni ikivuta, najua fremu haijatosha.

Dar na Dodoma hazifungwi feni sawa. Pwani hewa ya nje tayari ina unyevu, kwa hiyo magunia yaliyoloweshwa mbele ya tundu hayapunguzi joto la maana. Bora kuvuta zaidi usiku na alfajiri na kupunguza mchana. Dodoma hewa kavu inaingia na kunyonya unyevu wote kwa saa moja. Huko gunia la maji, au kuta mbili za waya zenye mkaa uliolowa katikati, linapoza kweli na kulisha unyevu kwa pamoja. Feni inawekewa saa ya kuwasha na kuzima. Ya wati 40 ikizunguka kutwa kucha hula karibu uniti moja ya umeme, gharama inayolipika kwa mavuno mazuri.

Bomba la kutolea nalilaza likiinama kidogo kuelekea nje, ili matone ya maji yanayojikusanya ndani yasirudi kwenye mota. Na mdomo wake kamwe siuelekezi dirishani kwa jirani. Uswahilini nyumba zinashikana, na kinachotoka mle si hewa tupu: mamama uliokomaa unamwaga spora, unga mweupe usioonekana mpaka utue juu ya kitu cheusi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo kuliko hesabu zote za bomba. Nimekutana na wanawake, maana wengi wa wafugaji hawa ni wanawake, wanaopata homa jioni, kikohozi na kubanwa kifua, saa chache baada ya kuvuna. Wanameza dawa za malaria, wanapona kidogo, wanarudi chumbani, wanaumwa tena. Madaktari wanaujua ugonjwa huo: ni mapafu kuchokozwa na spora, na ukiachwa miaka huacha makovu. Namwambia kila mteja aende hospitali na ataje kazi anayofanya, kwa sababu asipotaja, mganga hana njia ya kukisia. Namwambia avune kabla kingo za kofia hazijakunjuka, na asiingie bila barakoa inayokaa sawasawa usoni.

Binti ninayemfundisha kazi sasa ndiye aliyependekeza swichi ihamie nje ya mlango, na tangu hapo hatufungi vingine. Mwenye nyumba anawasha feni kwa nguvu zote, anakwenda kuchota maji au kufagia uwanja kwa robo saa, ndipo anaingia kuvuna. Kwa wateja wa zamani tunapita mmoja mmoja kuzihamisha. Tumeshamaliza Tabata na Segerea, na wa Mbezi wanatusubiri mvua zikatike.