Majani Yasiyoogopa Vumbi ya Kolwezi

Ukifika Kolwezi mwezi wa nane utakuta vumbi nyekundu juu ya kila kitu: mabati, nguo kwenye kamba, hata sahani mezani. Mvua imekatika tangu mwezi wa nne au wa tano, na malori ya madini hayalali. Maua mengi yanakauka. Lakini angalia pembeni ya baraza, ndani ya lupango nyingi: majani marefu sawa panga, yamesimama wima. Wanaosema Kifaransa wanayaita ulimi wa mama mkwe.

Siyo mgeni huyu. Asili yake ni Afrika ya joto, toka Nigeria mpaka Kongo yetu. Ile yenye ukingo wa njano ilipewa jina la Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea huku kwetu, akafariki 1904. Nyuzi za majani yake zinafaa kusokota kamba.

Kwetu, mama watoto alipanda mstari mmoja kando ya ukuta. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba hata ndani ya vyumba. Vijana wakafika kwangu pia: "Mchungaji, tupe fasi hii ya majani, tutagawana mifuko." Sitaficha, makuta ya masomo ya watoto yalikuwa hayajalipwa. Nilikesha siku mbili. Mama watoto aliuliza neno moja tu: "Na watoto watachezea wapi?" Nikakataa. Siwahukumu waliochimba, maana njaa haina macho. Lakini jirani yetu alichimba, ukuta wake ukapasuka mpaka dirishani. Leo anapanga nyumba kwingine.

Ukitaka kupanda, gawa shina lenye mizizi, maana kipande cha jani kinaota pia, ila ukingo wa njano unapotea. Kipande hicho kiache kikauke siku chache, kisha uchomeke upande wa chini. Panda juu ya tuta, juu ya mvua nyingi inaozesha mizizi. Kiangazi, maji mara moja kwa juma mbili yanatosha. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Angalia tu watoto na mbuzi wasiyatafune, yanaumiza tumbo.

Ukipita kwetu, omba chipukizi. Hatuuzi.