Pa Kukata ni Panapoishia Uamuzi

Kazi ya maisha yangu imekuwa kuandika na kutunza programu za mawakala wa forodha Tunduma, mji ambao barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA huvukia mpaka kuingia Nakonde. Programu hizi humwandalia wakala hesabu na nyaraka kabla taarifa hazijaingizwa TANCIS, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Muda mwingi wa kazi hii haupiti katika kuandika, unapita katika kusoma msimbo ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Kinachomchosha msomaji kuliko chochote ni fanksheni ndefu: inaanza kwa kusoma ankara, inageuza dola kuwa shilingi, inatafuta namba ya ushuru ya bidhaa, inakagua cheti cha uasili, inakokotoa ushuru na kodi, inauliza kibali cha ubora cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kisha inachapa nyaraka, yote bila kituo. Naamini fanksheni ya namna hiyo lazima igawanywe. Lakini naamini pia kwamba wengi wetu huigawanya kwa kigezo kisicho sahihi, yaani idadi ya mistari.

Kupanga upya msimbo ni kubadili umbo lake la ndani huku matokeo yake yakibaki yaleyale. Mhandisi wa programu Martin Fowler aliieleza kazi hii kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1999, na fanksheni ndefu ni mojawapo ya kasoro alizozitaja mapema. Sababu ya kuigawanya inaonekana wazi zaidi sheria inapobadilika. Tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza daraja la nne katika viwango vyake vya pamoja vya ushuru: juu ya 0, 10 na 25 likaja la asilimia 35. Chukua mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000, na tuache tozo nyingine kando. Kwa asilimia 25 ushuru ni 2,500,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani hutozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru, kwa hiyo asilimia 18 ya 12,500,000 ni 2,250,000. Bidhaa hiyohiyo ikihamishiwa daraja la 35, ushuru unakuwa 3,500,000 na kodi inapanda hadi 2,430,000, ingawa kiwango cha kodi hakikuguswa. Hesabu hizi mbili zikiwa zimesukwa pamoja ndani ya fanksheni moja, na 25 imetajwa sehemu kadhaa, anayerekebisha hana namna ya kujua kama amezifikia zote. Zikiwa zimetenganishwa, atabadili kiwango mahali pamoja, na hesabu ya kodi itapokea jibu jipya bila kuguswa.

Basi tukate wapi? Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas aliandika kwamba programu isigawanywe kwa kufuata tu mtiririko wa hatua. Kila sehemu ibebe uamuzi mmoja unaoweza kubadilika, na kuuficha usienee kwingine. Tunduma inanipa sababu ya kukubaliana naye. Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua hapa kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Taasisi zilisogezwa karibu ili lori lisisimame mara mbili kwa jambo moja, lakini mamlaka zao hazikuchanganywa. Ushuru ni wa TRA, viwango vya ubora ni vya TBS, afya ya mimea ni ya mamlaka yake, TPHPA. Kanuni za kila moja hubadilika kwa wakati wake, bila kusubiri za nyingine. Msimbo unaohudumia mpaka huu ukatwe palepale uamuzi wa taasisi moja unapoishia na wa nyingine unapoanza, na kila kipande kipewe jina ambalo wakala angelitambua akilisikia.

Wapo wasemao kwamba programu inayofanya kazi haiguswi. Tahadhari hiyo naiheshimu, lakini haiwezi kutekelezwa: Sheria ya Fedha huja kila mwaka, na itaigusa tu. Tulicho nacho ni hiari ya kuigusa kwa utulivu, au kuigusa usiku wa kuamkia Julai Mosi, sheria mpya inapoanza kutumika. Kwa utulivu maana yake ni kukusanya kwanza matamko ya forodha ya zamani ambayo majibu yake yanajulikana, kuyapitisha kwenye programu, kutoa kipande kimoja, kisha kuyapitisha tena. Senti moja ikitofautiana, kipande kinarudishwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la John Ousterhout, mwanasayansi wa kompyuta aliyeonya mwaka 2018 kwamba vipande vidogo mno humrusha msomaji huku na kule, na kila jina linakuwa jambo jingine la kukumbuka. Anasema kweli, na ndiyo maana nakataa kuhesabu mistari. Fanksheni ndefu yenye uamuzi mmoja, kwa mfano orodha ya masharti ya nafuu ya ushuru ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), inaweza kubaki ndefu na ikasomeka vizuri. Na fanksheni fupi inayochanganya ushuru na kibali cha ubora inafaa kukatwa hata kama yote inaonekana kwenye skrini moja.

Kwa hiyo kijana wa Tunduma anayepokea msimbo wa wengine namshauri aende kwanza kwa wakala, amwombe aeleze kazi yake, na amuulize kila hatua inaamuliwa na nani na hubadilika lini. Majibu hayo ndiyo ramani ya kukatia. Mwenye lori analipa gharama kwa kila siku ya kusubiri, na anastahili programu ambayo mtu mwingine anaweza kuielewa na kuirekebisha kabla siku hiyo haijaisha.