Bei ya Chungu cha Umeme

Nakubali tangu mwanzo kwamba jambo nitakalolieleza ni dogo. Halihusu vita wala uvumbuzi wa nchi mpya. Linahusu chungu cha kupikia wali. Walakini chungu hicho kilininyima usingizi kwa muda wa wiki tatu, na fedha niliyotaka kukitolea ilikuwa akiba ya miezi minane. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie.

Mama yangu anakaa Mombasa, katika Mji wa Kale, na mimi nafanya kazi Nairobi. Jikoni mwake mna seredani mbili na jiko moja la gesi ambalo hulitumia kwa chai tu, maana itikadi yake ni kwamba wali wa gesi hauna adabu. Wali wake yeye hupikwa kwa makaa. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui zito likawekwa kando, na tui jepesi likatangulia sufuriani pamoja na chumvi. Mchele huingia tui likichemka. Maji yanapokaribia kukauka, tui zito humiminwa juu, moto ukapunguzwa chini, na makaa mekundu yakapangwa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia. Joto la juu huukausha wali pole pole hata kila punje ikasimama peke yake, na chini ya sufuria hufanyika ukoko wa rangi ya dhahabu. Sisi watoto tuligombania ukoko huo kwa viwiko, na mara moja, nasikitika kusema, kwa meno.

Mnamo Agosti 2023 kaa moja lilianguka kutoka kwenye kifuniko likamchoma Mama mkono. Hakuliona. Dada yangu mkubwa, ambaye anakaa Likoni, alimpeleka hospitali, na huko ikajulikana kwamba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na la kulia limekwisha kukomaa. Daktari alisema jicho hilo lilihitaji kupasuliwa. Hali kadhalika alimwonya juu ya moshi wa makaa, kwa sababu ya kikohozi chake cha asubuhi. Mama aliitikia yote kwa heshima, akarudi nyumbani, akawasha seredani. Kuhusu jicho, alisema atakwenda, lakini bado.

Mimi nilipopata habari hizo nilifanya kile ambacho watu walio mbali hufanya aghalabu: niliingia dukani.

Vyungu vya umeme vya wali vilikuwa vimepangwa kwenye rafu kama wanafunzi kwenye gwaride, wafupi mbele na warefu nyuma. Cha bei ndogo kilikuwa shilingi 3,800. Kilikuwa na kifuniko cha kioo, sufuria nyembamba ya ndani, na kitufe kimoja cha kubonyeza chini. Cha bei kubwa, kilichotengenezwa na kampuni mashuhuri ya Ujapani, kilikuwa shilingi 52,000. Kilikuwa kizito na cheupe, kimeviringana kama yai, na usoni mwake mlikuwa na kioo kidogo cha maandishi na vitufe tisa. Muuzaji alinieleza kwamba wali ukiiva huimba wimbo mfupi. Nilijiona nikikifikisha Mombasa, majirani wakichungulia mlangoni, na Mama akiniombea dua. Nilijua tayari ni kipi nitakachonunua. Kilichobaki ni kutafuta sababu.

Basi nilisoma. Nilitaka kujua tofauti ya shilingi 48,200 inakaa wapi hasa ndani ya chungu. Niliyoyapata yalinifurahisha, nami nayaandika hapa kwa sababu watu wengi hukitumia chombo hiki bila ya kujua siri yake.

Chungu cha kwanza cha namna hii kilichofaulu sokoni kilitolewa na kampuni ya Toshiba nchini Ujapani, mwezi wa Desemba 1955. Kazi ya kukibuni ilikuwa imepewa mwenye kiwanda kidogo, Yoshitada Minami, lakini aliyepika wali siku baada ya siku, akapima joto na dakika, alikuwa mkewe, Fumiko. Kilikuwa chungu ndani ya chungu. Kikombe cha maji kilitiwa katika nafasi ya katikati, na maji hayo yalichukua dakika 20 hivi kukauka. Yakiisha, joto lilipanda ghafula na swichi ikakata umeme. Kwa hiyo maarifa yaliyofungwa ndani ya chombo kile yalikuwa maarifa ya mwanamke aliyesimama mbele ya moto na kuhesabu.

Vyungu vya bei nafuu vya siku hizi vina sufuria moja tu, nayo siri yake ni nyepesi zaidi. Maji yakichemka Mombasa, joto lake husimama kwenye nyuzi 100, na hata ukiongeza moto hayapandi tena maadamu bado yapo. Mchele ukisha kuyanywa yote, hapana tena cha kulizuia joto, nalo hupanda. Chini ya sufuria pana kipande cha madini kilichoshikwa na sumaku, nacho kimetengenezwa ili kipoteze mvuto wake joto likipita nyuzi 100 kidogo. Hapo springi hukivuta, kitufe huruka juu, na sauti husikika: ta! Swichi hiyo haijui wali hata kidogo. Inajua tu kwamba maji yamekwisha.

Chungu cha bei kubwa kinajua zaidi. Tangu mwaka 1988 Wajapani wamekuwa wakiuza vyungu ambavyo havina waya wa moto chini. Nguvu za sumaku huitia joto sufuria yenyewe, na joto likaenea chini na ubavuni. Ndani yake mna kompyuta ndogo inayopima joto kila wakati, ikauroweka mchele, ikaongeza moto na kuupunguza. Vingine hubana mvuke ili maji yachemke katika joto linalopita nyuzi 100. Hapo nasema kweli kwamba mtu wa Nyahururu ana hoja ambayo mtu wa Mombasa hana: kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na hata Nairobi ni kama 94, basi chungu cha kubana mvuke kina kazi ya maana ya kufanya. Mama yangu anakaa hatua mia chache kutoka baharini.

Kulikuwa na jambo jingine lililonitia wasiwasi. Ufundi huo wote ulibuniwa kwa ajili ya mchele wa Kijapani, ambao punje zake ni fupi na wali wake hushikana hata ukaliwa kwa vijiti. Kushikana huko ndiko uzuri wake. Mama hupika pishori wa Mwea, mchele wa punje ndefu ambao mbegu yake asili yake ni Punjab na jina lake linatokana na mji wa Peshawar. Sifa ya wali huo ni kuchambuka. Kwa Mama, wali ulioshikana ni chakula cha mgonjwa, na hata mgonjwa huombwa radhi kwanza.

Wakati huo rafiki yangu mmoja alinionyesha njia ya mkato. Kuna wauzaji wa vitu vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Ujapani, na mmoja wao alikuwa na chungu cha fahari kwa shilingi 14,000, maandishi yake yote ya Kijapani. Nilikwenda na fundi wa umeme. Fundi hakukifungua, alikipindua tu, akaniwekea kidole kwenye kibandiko cha chini: volti 100. Umeme wa Kenya ni volti 240. Kukitumia kungehitaji transfoma ya kuhimili wati zaidi ya 1,000, chuma kizito chenye bei yake, kukaa daima jikoni mwa mzee asiyeona vizuri. Tuliondoka bila ya kubishana bei.

Nikarudi kwenye cha shilingi 52,000. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba mama hahesabiwi bei. Ni maneno matamu, na ubaya wake ni kwamba huwezi kuyajibu. Nilimpigia simu dada yangu ili anisifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hivyo vitufe tisa, Mama atavisomaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezisoma nyuzi za joto, miaka ya uvumbuzi na nguvu za sumaku, na sikuwa nimemfikiria mwanamke mwenye ukungu machoni akiinamia kioo cha maandishi madogo. Dada aliendelea, wala hakupandisha sauti. "Ndugu yangu, wewe hujafika hapa miezi kumi na mmoja. Mama hana haja ya chungu kinachoimba. Na jicho anasema bado kwa sababu ameuliza gharama, akaona ni fedha ya watoto wenu."

Nilikata simu nikiwa nimeudhika, na niliudhika siku nzima. Jioni tu ndipo nilipokiri nafsini mwangu kwamba nilikuwa nikitafuta zawadi kubwa ya kuwekwa mahali pa miguu yangu mwenyewe. Hakuna kampuni, ya Ujapani wala ya kwingineko, inayotengeneza chombo cha kufanya kazi hiyo.

Nilinunua cha shilingi 3,800, nikakipeleka mwenyewe kwa garimoshi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini, redio?"

Wali wa kwanza tuliopika ndani yake ulikuwa aibu. Nilitia tui lote pamoja, zito na jepesi, na zito likaganda chini na kuungua. Joto la chini likapanda kabla ya wakati wake, swichi ikadhani maji yamekwisha, ikaruka: ta! Juu wali ulikuwa umevia, chini umekuwa mweusi. Mama aliuonja, akautema kwa staha katika kiganja cha mkono, akaniuliza kama kule Nairobi ndivyo tunavyokula.

Kesho yake alikitwaa yeye. Alikipapasa ndani na nje kwa vidole, akakipata kitufe, akakibonyeza mara mbili tatu ili azoee sauti yake. Kipimo cha maji hakukitafuta katika mistari iliyochorwa ndani. Alitumia kiungo cha kidole cha shahada juu ya mchele, kama alivyofanya siku zote. Alitia tui jepesi peke yake. Swichi iliporuka, alifunua, akamimina tui zito lililokwisha kupashwa moto, akaugeuza wali kwa mwiko, akafunika kwa kitambaa na kifuniko juu yake. Akangoja. Baada ya dakika kumi hivi, chungu kilipopoa kidogo na kitufe kikakubali kushika tena, akakibonyeza mara ya pili.

"Hiyo ya nini, Mama?"

"Ukoko," akasema, kama mtu anayejibu swali la mtoto.

Ukoko haukuwa sawa na ule wa makaa. Ulikuwa mwembamba, na harufu ya moshi haikuwamo. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa Mama mwenyewe alisema hivyo kabla yangu. Wala chungu kile hakina uwezo wa kuuhifadhi wali moto hata kesho yake bila ya kuukausha, jambo ambalo kile cha fahari hulifanya vizuri. Na wali uliolala katika joto la jikoni usiku kucha si kitu cha kuchezea, maana mna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na maji ya kuchemka. Sasa kiporo chetu hutiwa katika jokofu mapema. Makaa nayo yapo bado, kwa siku ambazo umeme umekatika, na kwa pilau, ambayo Mama hakubali kuijadili.

Fedha iliyobaki ya akiba yangu niliiweka mezani mbele yake, nikamwambia si fedha ya watoto tena. Alinyamaza muda mrefu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule jicho la kulia lilipasuliwa. Lenzi iliyoingia ukungu ikatolewa na nyingine ya kutengenezwa ikawekwa mahali pake, kazi ambayo haikufika saa moja. Nilikuwapo siku hiyo, na nilikuwapo alipofunguliwa kitambaa kesho yake.

Siku ya nne alisimama jikoni karibu na dirisha, akamwaga mchele katika ungo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akauchagua kwa macho badala ya vidole. Ulikuwa mfuko wa pishori ghali nilioununua mwenyewe, kama ilivyokuwa mifuko mingine niliyokuwa nikimtumia. Aliupeta kidogo, akauinamia, akachota kiasi katika kiganja na kunisogezea.

"Mwanangu," akasema, "mchele huu ni nusu chenga. Ni muda gani umekuwa ukiniletea chenga?"